Baisikeli ikikukwamisha Malindi: dalili, sababu na vya kubeba mkobani

Mafundi wa baisikeli wa Malindi, wale wa chini ya mwembe na wale wenye vibanda, hutengeneza mambo yale yale wiki hadi wiki: pancha, cheni iliyolegea, breki zisizoshika, spoku zilizokatika. Sababu zake ni za hapa hapa. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula chuma hata cha baisikeli inayolala ndani ya nyumba. Mchanga huingia kwenye cheni na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ukiacha lami ukashika njia za Ganda, Kakuyuni au Magarini, miiba haikosi. Mkoba wako wa vifaa basi uufuate ubovu huu, usifuate kinachong'aa dukani.

Kabla hujanunua chochote, isome baisikeli yako mwenyewe, maana spea isiyoingia ni mzigo tu. Soma ubavu wa tairi: Black Mamba, zile baisikeli nzito za chuma zisizo na gia, nyingi ni 28 x 1½, za milimani nyingi ni 26, na zile nyembamba za mbio huandikwa 700C. Jihadhari na hizi mbili: 28 x 1½ na 700C zote huitwa "ishirini na nane", lakini rimu ya kwanza ina kipenyo cha milimita 635 na ya pili 622, na tairi ya moja haikai kwenye nyingine. Halafu tazama valvu, uone kama ni nene ya aina ya gari, nyembamba ya baisikeli za mbio, au ile ya kizamani yenye kimpira ndani. Mwisho shika nati za magurudumu na spana utakayobeba, uzijaribu hapo hapo nyumbani. Nati nyingi za nyuma ni za spana ya 15, ila za mbele mara nyingi hutofautiana.

Tairi limeisha upepo

Hili ndilo litakalokukuta mara nyingi kuliko mengine yote yakijumlishwa, kwa hiyo nitalikalia.

Anza na valvu kabla ya kufungua chochote. Jaza upepo, tia mate kidogo kwenye tundu la valvu, utazame kama povu linatoka. Kwenye valvu ya kizamani, fungua nati yake ndogo uvute kipini nje: kile kimpira kinachokivaa huchakaa kwa joto na kupasuka, na tairi huisha polepole bila tundu lolote kwenye tyubu. Vimpira viwili vya akiba havina uzito wala havijazi mfuko, na ndivyo watu husahau kubeba. Valvu nene nayo wakati mwingine huwa imelegea tu kipini chake cha ndani. Kifuniko cha chuma chenye meno mawili juu hukikaza, na kinakaa pale pale juu ya valvu ukikibadilisha na kile cha plastiki.

Kama valvu ni nzima, zingatia namna tairi lilivyoisha, kwa mpangilio wa yale yanayotokea zaidi:

1. Limeisha kwa dakika chache, au limelala zima ukaamka halina kitu: mwiba, msumari au kioo. Huku kwetu mshukiwa wa kwanza ni mbigili, kile kijipunje chenye pembe kinachotambaa na mchanga wa kando ya njia. Miiba ya mgunga ni mirefu zaidi, na ukielekea upande wa Tana kuna mathenge pia.
2. Linaisha pale pale palipozibwa juzi: kiraka kimeachia. Jua kali, gundi mbichi au tyubu isiyosuguliwa vizuri.
3. Matundu mawili yaliyo sambamba: tyubu ilibanwa kati ya rimu na jiwe au ukingo wa lami, kwa sababu upepo ulikuwa mdogo. Waliopakia abiria kwenye keria wanalijua sana hili.
4. Tundu upande wa ndani, unaogusa rimu: ncha ya spoku imechomoza, au utepe wa rimu umesogea.
5. Mpasuko kwenye shina la valvu: tairi limekuwa likiteleza kwenye rimu kwa upepo mdogo, likaivuta valvu. Hapa kiraka hakisaidii, badilisha tyubu.

Sasa kazi. Black Mamba yenye breki za vyuma na stendi ni usumbufu kuitoa gurudumu la nyuma, na si lazima. Ipindue, toa ubavu mmoja wa tairi, vuta tyubu nje mahali unapopashuku, uizibe ikiwa hapo hapo. Tumia vyuma butu vya kutolea tairi, viwili au vitatu. Bisibisi itakuongezea tundu la pili. Kutafuta tundu si lazima beseni la maji: jaza tyubu, ipitishe karibu na midomo au shavu, utasikia pumzi. Hata maji kidogo ya chupa yanatosha.

Ukilipata, linganisha tyubu na tairi ukianzia kwenye valvu, upate mahali mwiba uliposimama. Pangusa ndani ya tairi lote kwa kitambaa, si kwa kidole kitupu. Mbigili haiingii peke yake, na aliyetoa mwiba mmoja akafunga haraka atafungua tena baada ya nusu kilomita. Ule uliokatika ndani ya mpira utoe kwa koleo.

Sugua kwa msasa mpaka mng'ao uondoke, kwa upana unaozidi kiraka. Paka solusheni nyembamba, halafu ngoja. Ngoja kweli: dakika kama tano, mpaka isinate kwenye kidole ukiigusa pembeni. Viraka vingi vinavyoachia njiani vilibandikwa solusheni ikiwa bado majimaji. Ukate kiraka cha tyubu kuukuu kama wafanyavyo mafundi wengi, kitafaa, ila nacho kisuguliwe na kipakwe upande wake. Kaza kwa kidole gumba, na ufanye yote haya kivulini.

Kuhusu solusheni, kichupa kikishafunguliwa hukauka chenyewe mkobani, hata ukikifunga vizuri. Beba ambacho hakijatobolewa muhuri. Kilichokwisha kufunguliwa kibaki nyumbani.

Huna kiraka? Funga fundo kwenye tyubu pale penye tundu kwa kukunja na kukaza kwa uzi wa mpira, ujaze upepo kiasi, uende polepole mpaka kwa fundi wa karibu. Huna hata pampu? Jaza tairi majani makavu, yabanane sana. Utafika, ingawa kwa mwendo wa kusukumana na mbuzi, na tairi hilo usilipandie kwenye barabara ya magari.

Tairi lenyewe likichanika, weka ndani kipande cha tairi kuukuu au karatasi ngumu ya pakiti ya maziwa, kati yake na tyubu. *Simama hapo* kama waya wa ukingo wa tairi umekatika, au ubavu umevimba na nyuzi zinaonekana. Tairi la namna hiyo hupasuka ghafla, na likiwa la mbele litakutupa. Sukuma, au weka baisikeli juu ya matatu.

Pampu nayo ni lazima ijaribiwe nyumbani kwa valvu yako. Kimpira cha kuunganishia kikipasuka, pampu imekuwa fimbo. Na ukitegemea upepo wa kituo cha mafuta, ujue mpira wake huingia kwenye valvu ya gari tu, na mashine ile hujaza upesi mno kwa tyubu ndogo. Bonyeza kidogo, acha, pima kwa kidole, bonyeza tena. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi.

Cheni inatoka, inaruka au imekatika

Cheni inayotoka kwenye baisikeli isiyo na gia, tisa kati ya kumi ni kulegea. Ekseli ya nyuma imeteleza mbele kwa sababu nati hazikukazwa sawasawa. Legeza nati zote mbili, vuta gurudumu nyuma, hakikisha limesimama katikati ya foku za nyuma, kaza kidogo kidogo kulia na kushoto kwa zamu. Cheni icheze juu na chini sentimita moja hadi mbili katikati yake. Ikikazwa kama uzi wa udi wa taarabu itaumiza habu na krenki, ile mikono inayobeba pedali. Ukishasogeza gurudumu, angalia breki ya nyuma, kwani nayo imehama.

Ikiruka badala ya kutoka, shuku kwanza ukavu na chumvi: kiungo kimoja kimekauka kikakataa kukunjika. Zungusha pedali kinyumenyume taratibu, utakiona kikirukaruka kinapopita. Tia tone la oili, kichezeshe kushoto na kulia kwa mikono. Kisipokubali, kosa liko kwa meno au cheni imerefuka. Cheni hupimika kwa rula: viungo 24, vya nje na vya ndani pamoja, ni inchi 12 kamili, yaani sentimita 30.5, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Ikizidi kwa ⅛ ya inchi, imekwisha. Kwenye baisikeli za gia usingoje hata kufika hapo, kwani itakula meno ya friwili, yale ya nyuma, na utanunua vyote viwili.

Oili ya cherehani au ya cheni ndiyo. Mafuta ya kupikia huganda yakawa utomvu, na mafuta ya nazi yaache kwa nywele. Tia kidogo, zungusha, kisha futa ya nje yote kwa kitambaa. Oili inayoonekana kwa nje hukusanya mchanga, na mchanga na oili pamoja ni msasa.

Ikikatika, Black Mamba ina bahati: loki ya cheni ya akiba na koleo vinatosha, na mara nyingi kilichotoka ni kibanio cha loki tu. Ukikirudisha, upande wake uliofunga uelekee inakokwenda cheni, yaani mbele ukikitazama juu ya meno. Ukigeuza, kikigongwa kidogo kitafunguka. Cheni nyembamba za gia huhitaji kifaa cha kusukuma pini na kiungo cha upana ule ule. Loki ya Black Mamba haiingii humo.

Breki hazishiki

Sababu ya kwanza ni raba zilizokwisha. Ya pili ni rimu yenye oili, mara nyingi ile ile uliyoimwaga ukishughulika na cheni. Ya tatu, waya umelegea au umeganda kwa kutu ndani ya mpira wake. Kwenye breki za vyuma vya Black Mamba, nati ndogo inayobana fito huteleza, mkono wa breki ukaja hadi usukanini bila kufanya kazi.

Angalia raba kwanza, futa rimu kwa kitambaa kikavu, halafu zungusha kile kijiskrubu cha mviringo penye mkono wa breki kitoke nje, mpaka waya ukaze. Kisipotosha, legeza nati inayobana waya, uvute kwa koleo, ukaze tena. Kagua mahali waya unapoingia kwenye mkono wa breki: nyuzi moja moja huanza kukatika hapo, na hiyo ndiyo hali ya kuubadilisha kabla ya safari, si njiani. Kichwa cha waya huja kwa maumbo mawili, kipipa kwa baisikeli za milimani na umbo la peasi kwa baadhi ya za mbio. Chukua cha kwako.

Masika yakifika, rimu ya chuma iliyotiwa kromi ikilowa haishiki, hata raba ziwe mpya. Hilo si tatizo la kutengeneza. Bonyeza mapema, punguza mwendo.

*Usipande kabisa* baisikeli ambayo breki zote mbili zimekufa, hata kama ni "hapo mbele tu". Barabara ya Mombasa ina malori na matatu, na wewe huna honi ya kushindana nayo. Kama raba ya mbele imechomoka na inaweza kuingia kwenye spoku, itoe kabisa kabla ya kusogea.

Gurudumu linayumba

Lishike tairi kwa mikono ulisukume kushoto na kulia. Likicheza lote pamoja na habu ikigonga, koni zimelegea, na gololi zinasagika. Kazi ya spana nyembamba, bora kwa fundi; ukiendelea siku nzima utanunua habu.

Likiwa halichezi ila linayumba likizunguka, gonga spoku moja moja kwa bisibisi usikilize. Inayotoa sauti ya kilegelege ndiyo. Kaza robo mzunguko tu kwa spana ya spoku, tazama, rudia. Hewa ya chumvi hugandisha vile vichwa vya spoku. Tone la oili na kungoja vitaokoa zaidi ya nguvu, kwa kuwa ukilazimisha utavunja.

Iliyokatika izungushie ya jirani, isipige fremu, na ulegeze breki ya upande huo kama rimu inaigusa. Nyuma, upande wa cheni, huwezi kuweka mpya bila kung'oa friwili, na hicho si kifaa cha mkobani. Shusha abiria au mzigo, rudi polepole. Spoku mbili zinazofuatana zikikatika, shuka usukume. Rimu ikipasuka au ikijikunja hadi ikagusa fremu, hapo hapo safari imekwisha.

Pedali inagonga au krenki inacheza

Mlio wa "tak" kila mzunguko kwa kawaida ni kotapini iliyolegea, ile pini inayoshikilia krenki, kwa krenki za Black Mamba. Igonge iingie kwa nyundo au jiwe, huku krenki imeegemezwa kwa upande wa pili kwenye kitu kigumu, ndipo ukaze nati. Nati si ya kuivutia pini ndani. Ukiilazimisha itakatika uzi. Kwa krenki za alumini, kaza bolti mara tu inapoanza kucheza. Kilomita chache za kuvumilia hutosha kutafuna lile tundu la mraba, na halirudi.

Pedali ya kushoto hufungwa kinyume. Ukitaka kuikaza, zungusha kinyume cha saa. Wengi wameharibu krenki nzima kwa kutojua hilo tu, na mafundi wanalijua soko hilo.

Gia hazikai, kiti kinazunguka, usukani umepinda

Usukani na kiti ni spana au elenki, ule ufunguo wa pembe sita, basi. Elenki za milimita 4, 5 na 6 hufungua karibu kila kitu kwenye baisikeli za kisasa.

Gia zinazorukaruka ni waya uliolegea. Zungusha kile kijiskrubu cha waya nusu mzunguko, jaribu. Kama baisikeli ilianguka upande wa kulia, kishikio cha nyuma cha gia huenda kimepinda kuelekea spoku. Usitumie meno makubwa ya nyuma mpaka fundi akinyooshe. Kikiingia kwenye spoku kinavunja gurudumu, cheni na pengine fremu kwa mpigo mmoja.

Nyufa kwenye foku ya mbele au kwenye shingo ya fremu hazizibwi kwa waya wala kwa utepe. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba na kutu inayotoka ndani yake ni ufa mpaka fundi wa kuchomelea aseme vingine. Foku hukatika bila taarifa.

Mwendeshaji mwenyewe ndiye aliyeisha

Kichwa kinauma, miguu inakaza misuli, kizunguzungu. Kwa kawaida ni maji na chumvi mwilini, na jua la saa saba. Kaa kivulini, kunywa kidogo kidogo, kula kitu chenye chumvi, lowesha kichwa na shingo. Mwenzako akianza kusema yasiyoeleweka, au ngozi yake ikawa moto na yeye hatambui, hilo ni la hospitali sasa hivi. Mmwagie maji, mpepee, tafuta gari. Hali kadhalika aliyeanguka akapiga kichwa, hata kama anasema yuko sawa.

Basi mkobani kuna nini

Kwa njia ya Gede na Watamu, ambako fundi hayuko mbali: tyubu moja, viraka na msasa na solusheni mpya, vyuma vya tairi, pampu, spana ya nati zako, vimpira vya valvu kama ni za kizamani. Kwenda Mambrui ongeza maji, na wakati wa kaskazi uhesabu muda zaidi, kwa sababu upepo utakuwa usoni mwako njia nzima ya kwenda.

Marafa ni kitu kingine. Ni zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini, vumbi, miiba na nafasi ndefu bila kibanda cha fundi. Hapo ongeza tyubu ya pili, loki au kiungo cha cheni, koleo, bisibisi, spana ya spoku, waya wa breki, kichupa kidogo cha oili, mita moja ya waya wa kufungia, kipande cha tairi kuukuu, tochi, na angalau lita tatu za maji kwa mtu. Mkienda wawili gawaneni: pampu moja inatosha, ila kila mtu na tyubu yake, kwa sababu baisikeli zenu huenda hazifanani.

Vifunge vyote ndani ya kipande cha tyubu pana ya pikipiki kilichofungwa pande mbili. Hakilowi, hakigongi fremu, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 ndicho rahisi kukipata. Tyubu ya akiba ipake unga wa poda na ukunje ndani ya soksi, mbali na ncha ya spana. Vinginevyo utaifungua njiani ikiwa tayari imetoboka. Vyuma vipangusie oili mara moja kwa mwezi, na kama umepita ufukweni siku hiyo, usiku huo huo.